Baraza na kikombe cha kahawa: mahali pa maongezi katika Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Vijana wetu wanaorudi kutoka Kinshasa, Bukavu ao Lubumbashi wanapenda kusema neno moja: ya kama Kasongo haina mkahawa wa maana, na Kabambare ndiyo usiulize. Wanatafuta nyumba yenye kibao mlangoni, meza, viti vya plastiki, na mtu wa kuleta karatasi ya bei. Wakiikosa wanasema kwamba hapa kwetu hakuna mahali pa watu kukutana.

Makala hii inataka kuwajibu kwa upole. Mahali pako, tena pa zamani, ila tu hapana kibao. Panaitwa baraza, ao kama wengi wetu tunavyotamka, barza. Ni ile sehemu ya mbele ya nyumba, chini ya paa, kati ya mlango na njia. Hapo panatandikwa mkeka ao kuwekwa benchi, birika linakaa juu ya makaa, na mtu anayepita anaitwa: "Ikala kwanza, habari itakuja."

Msomaji mpendwa, tutaeleza baraza hii ilitoka wapi, namna gani kiti cha wakubwa kiligeuka kuwa kiti cha jirani, na kwa nini leo tunaweza kuipoteza bila kujua kwamba tumeipoteza.

Kabla ya misafara

Watu wa Maniema hawakungoja wageni wawafundishe kuketi pamoja. Jirani zetu Babembe wa Fizi wana lubunga, na Balega wana lusu: nyumba ya wanaume, ambamo wanaume wanapokea wageni na kukata maneno ya kijiji. Kwa Bangubangu, kwa Bakusu, kwa Wazimba, wazee nao walikuwa na mahali pao pa kusikiliza kesi na kupanga ndoa. Kukaa, kusikiliza na kujibu kwa zamu ni mali yetu ya asili.

Tena kulikuwa na soko. David Livingstone alipofika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwaka 1871, alikuta soko kubwa ambalo wanawake wengi sana walivuka mto kwa mitumbwi kuja kuuza samaki, mafuta na vyungu. Alikaa hapo wiki nyingi akiwatazama, na aliandika kwamba kuongea na kucheka kulikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Ndilo soko hilo ambalo tarehe 15 Julai 1871 lilivamiwa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara wa pwani. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Tunalitaja mapema kwa sababu historia ya mahali pa kukutana katika inchi yetu si historia tamu tupu. Wale wale walioleta baraza na kahawa ndio walioleta na bunduki.

Neno linasafiri

Baraza ni neno la pwani. Kule Zanzibar, Lamu na Mombasa, ni benchi la mawe ao la udongo mbele ya nyumba, ambapo wanaume wanaketi jioni na kunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Neno na desturi vilipanda pamoja na misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Kila kituo kilikuwa na nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu, na kila nyumba ya tajiri ilihitaji mahali pa kupokea watu bila kuwaingiza ndani kwa wanawake.

Kabambare iko katika historia hii tangu mapema. Livingstone, ambaye aliandika jina lake Bambarre, alifika huko Septemba 1869. Vidonda vya miguu vilimlaza hapo miezi mingi, hata akaondoka Februari 1871. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta watu wangali wanamkumbuka yule mzee. Hawakuwa na gazeti wala kitabu. Kumbukumbu ilikaa katika midomo ya watu waliokuwa wanaketi pamoja.

Kasongo ilipata nguvu kwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Alifika upande wa Lualaba mwaka 1874, kisha akafanya Kasongo kuwa makao yake. Mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa jina la Mfalme Léopold II. Mwaka 1890 aliondoka kwenda Zanzibar, asirudi tena. Alifia huko mwaka 1905. Kasongo alimwachia mwanawe Sefu.

Mji huo ulikuwaje? Tuna shahidi ambaye hakuwa rafiki wa Waarabu: Sidney Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Léopold lililoteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Katika kitabu chake cha 1897 anaeleza maghala yaliyojaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa, mapera, mananasi, maembe na komamanga. Tuzingatie neno moja hapo: kahawa. Miaka zaidi ya 130 iliyopita, Kasongo ilikuwa na akiba ya kahawa ghalani. Kijana anayesema hapa hakuna mkahawa, basi, asikie hivyo.

Kiti cha bwana

Nani alikuwa anaketi katika baraza za wakati ule? Bwana mwenye nyumba, wafanyabiashara wenzake, wakubwa wa misafara, na mara nyingine machifu waliokuja kufanya mapatano. Hapo walihesabu pembe, walikopeshana baruti na nguo, na hapo vilevile walihesabu watu. Kahawa yenyewe ilitwangwa na kuletwa na mtumwa. Yule aliyesimama na birika hakuwa na haki ya kuketi.

Si vizuri kuficha jambo hili kwa kupenda kusifu utamaduni. Wengi wetu ni wajukuu wa wale waliosimama. Wengine ni wajukuu wa walioketi. Na wengi zaidi ni wajukuu wa wote wawili, kwa maana ndoa za mji zimechanganya damu zamani sana.

Ule utawala ulianguka kwa haraka. Mwishoni mwa 1892 Lippens na De Bruyne, wajumbe wawili wa serikali ya Léopold waliokuwa Kasongo, waliuawa. Nyangwe ilianguka mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili, Sefu akafa vitani mwaka ule ule, na Kabambare ikatekwa Januari 1894 baada ya kushindwa kwa Rumaliza. Mabwana wakubwa walikufa ao walikimbilia Tanganyika na pwani. Mji wa zamani ukaachwa, na mahali pake leo tunapaita Tongoni, yaani kwenye mahame. Miaka ya karibuni wataalamu wa akiolojia wamechimba na kuuliza wazee pale, na mwaka 2020 walitoa makala juu ya kazi hiyo.

Baraza inashuka kwa jirani

Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Bwana alikwenda, baraza ilibaki. Waungwana, yaani watu wa inchi hii walioshika lugha, mavazi na mara nyingi dini ya pwani, walijenga upya, na nyumba zao zilikuwa na baraza mbele. Wale ambao baba zao walisimama na birika, sasa waliketi. Hapakuwa na pembe za kuhesabu tena. Kilichobaki ni maneno: mashamba, mahari, deni, msiba, safari, mvua.

Serikali ya Wabeleji haikupenda sana mikusanyiko hiyo. Iliwaita watu hao "arabisés", iliwachungulia kwa woga juu ya dini ya Kiislamu, na iliona afadhali watu wakusanyike kanisani, shuleni ao mbele ya msimamizi. Woga huo si wa Wabeleji peke yao. Mwaka 1511 huko Maka liwali alipiga marufuku kahawa, kwa sababu waliokuwa wanainywa walikaa usiku na kusema maneno. Mwaka 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa za London kwa ajili ya maneno yaliyokuwa yanasemwa humo juu ya serikali. Watu walinung'unika hata ikambidi airudishe amri hiyo baada ya siku chache. Wakubwa wa kila inchi wamejua siku zote kwamba hatari haiko katika kikombe. Iko katika watu wenye akili timamu waliokaa pamoja bila haraka.

Baraza ya Kasongo haikufungwa kwa amri, kwa sababu ungeifungaje? Haina mlango. Kuifunga ni kukataza watu kukaa mbele ya nyumba yao.

Sheria ambazo hazikuandikwa

Kahawa ya kwetu ni ya aina ya robusta, mtoto wa inchi hii. Mwaka 1895 Émile Laurent, mtaalamu wa mimea, alikusanya mibuni ya Congo. Nyumba ya biashara ya Linden, Bruxelles, iliuza miche hiyo kwa jina la robusta, na mwaka 1900 ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeharibu mashamba ya kahawa ya Arabia. Kutoka huko ikaenea dunia nzima. Kwetu haikuhitaji safari hiyo. Inakaangwa, inatwangwa kwa kinu, inachemshwa, na mwenye nacho anaongeza tangawizi. Pembeni, kama Mungu amejalia, kuna kitumbua cha unga wa mchele. Mchele wenyewe ni alama nyingine ya watu wa pwani katika vyakula vyetu.

Kahawa hiyo ni chungu na ya moto, kikombe ni kidogo. Huwezi kuimeza mara moja, ni lazima kuinywa kidogo kidogo. Kwa vikombe viwili saa nzima inapita. Hapo ndipo baraza inapotofautiana na nganda. Katika nganda, chupa ikiisha unaangaliwa: nunua nyingine ao toka. Asiye na makuta hana kiti. Tena bia, na zaidi lotoko, inafungua midomo kwa haraka lakini kesho yake hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Katika baraza kahawa inatolewa na mwenye nyumba, ao watu wanachanga kidogo kidogo, na aliyekosa anakunywa vilevile. Maneno yaliyosemwa leo jioni yatarudi kesho, kwa kuwa wote walikuwa macho.

Kwa hiyo baraza ina sheria zake, na mtoto anazijifunza kwa kuangalia. Anayefika anasalimia wote kabla ya kuketi. Mkubwa wa umri anapewa mahali pazuri, lakini hapewi haki ya kusema peke yake. Mtu hakatizwi: anayetaka kujibu anasubiri kikombe kirudi chini. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa. Jina la mke wa mtu halitajwi ovyo. Unasema "mama wa watoto". Na ugomvi ukiletwa, wenye ugomvi hawaachwi kuondoka kila mmoja na njia yake kabla mzee hajasema neno la mwisho. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno lenyewe lazima lipewe wakati.

Tuongeze bao, ambalo wengine wanaita kisolo. Mchezo huo unafanya kazi ambayo hatuioni: unawapa watu wawili waliokosana sababu ya kukaa wakitazamana bila kulazimika kusema. Mara nyingi maneno ya upatanisho yanaanza na "cheza basi".

Shule ya lugha

Katika baraza ndimo lugha yetu ilimopikwa. Mkusu, Mbangubangu, Mzimba, Mgenya na mtu wa Kabambare aliyekuja kuuza mafuta, wote walihitaji lugha moja ya kuketi nayo. Kiswahili kilikuwa lugha hiyo. Kingwana cha Kasongo kinasifiwa kuwa karibu na Kiswahili cha pwani kuliko cha sehemu nyingine za Congo. Sababu si shule, kwa maana shuleni kitambo tulifundishwa Kifaransa. Sababu ni kwamba hapa mtu aliyekosea neno mbele ya wazee alisahihishwa papo hapo, na wakamcheka kidogo. Leo Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Heshima hiyo, kwa sehemu, ni kazi ya watu wasiojulikana walioketi juu ya mikeka.

Na wanawake?

Msomaji wa kike atauliza: mimi niko wapi katika habari hii? Ni ulizo la haki. Baraza ya mbele ilikuwa ya wanaume, na mara nyingi kahawa iliyonywewa hapo ilipikwa na mwanamke ambaye hakuketi. Katika jambo hili mabaki ya zamani hayajaisha.

Lakini tusiseme wanawake hawakuwa na mahali pao. Kuna ua wa nyuma, kuna kisima, kuna soko, ambalo ni la wanawake tangu Nyangwe. Tena kuna kile ambacho vijana wetu wanakipita kila asubuhi wakitafuta mkahawa: meza ya mama kando ya njia, yenye chai, mikate na vitumbua, na benchi moja. Hapo wanaketi watu wa kinga wanaosukuma mizigo ya mafuta, mwalimu anayengoja mshahara, askari, na mwanafunzi. Mama anasikia habari zote na anajua nani anadaiwa. Anamkopesha anayestahili. Hapo ni yeye mwenye baraza, na mwanaume ndiye anayesubiri kikombe.

Wakati wa vita

Thamani ya kitu inajulikana kinapotikisika. Vita vya 1996 hadi 1997, na zaidi vile vya 1998 hadi 2003, vilikata Maniema na inchi nyingine. Reli ya Kindu haikuleta bidhaa, barabara za kwenda Kindu, Kongolo na Fizi zilikuwa za woga, watu walikimbilia porini. Katika hali hiyo kukaa mbele ya nyumba jioni ni hatari. Njia ikinyamaza saa kumi na mbili, ujue inchi haiko vizuri.

Amani iliporudi kidogo kidogo, watu walirudi kuketi. Radio Okapi ilianza kusikika Februari 2002, na kwa kuwa redio zilikuwa chache na mawe ya redio ghali, walisikiliza kwa kundi. Mmoja aliyefahamu Kifaransa aliwaeleza wengine. Kisha wakajadili. Ndivyo wengi walivyofuata habari za mapatano ya 2002 na uchaguzi wa 2006.

Hata viongozi walijua nguvu ya neno hili. Kule Kivu ya Kaskazini, mwaka 1998, wakubwa wa makabila walipotafuta chombo cha kupatanisha jamii, walikiita Barza. Waliazima jina kwa sababu mwananchi hakuhitaji kuelezwa maana yake. Ni mahali ambapo adui anaweza kuketi bila kusema kwamba ameshindwa.

Lakini baraza inaweza kuvunjika vilevile. Zanzibar, mama yake, ni fundisho. Kati ya 1957 na 1963, wakati wa siasa za vyama, baraza za kahawa ziligawanyika: hii ya chama hiki, ile ya chama kile. Watu waliacha kunywa kwa jirani na kununua katika duka lake. Mwaka 1964 damu ilimwagika. Kahawa haikuwazuia, kwa sababu walikuwa wameshaacha kunywa pamoja. Mkeka unaokaliwa na watu wa upande mmoja tu si baraza tena, hata ukiwa mbele ya nyumba.

Tunachoweza kupoteza

Leo hatari haitoki kwa msimamizi wa kikoloni. Inatoka kwetu. Mtu akipata makuta kidogo, kitu cha kwanza anajenga ukuta kuzunguka lupango lake, na lango la chuma. Nyumba ya kisasa inaanza na sebule yenye televisheni, ndani, nyuma ya pazia. Anayepita njiani hasemi hodi tena kwa kuwa hajui kama kuna mtu. Kijana ana telefone yake, na anaongea na mtu wa Dubai kuliko jirani wa pembeni. Tunamfahamu mwenye ukuta: ameona vita na wizi, na hatumlaumu. Lakini ukuta unamzuia mwizi na jirani kwa mara moja.

Ugomvi wa shamba ambao zamani ulimalizwa kwa birika mbili za kahawa sasa unapelekwa polisi na tribinali, ambako kila karatasi ina bei. Mwenye makuta anashinda, mwingine anarudi na chuki. Katika inchi ambamo silaha hazijaisha, chuki ya namna hiyo si jambo dogo. Kabambare inajua vizuri.

Tunaomba mambo madogo, ambayo hayahitaji fedha za mradi. Anayejenga, hata akijenga ukuta, aache nje ya lango benchi na paa dogo la majani ao la manjanja. Anayeketi amwite na yule asiye wa kabila lake wala wa dini yake. Wazee wawaite binti na wake waketi mbele pale neno linapowahusu, kwa sababu shamba na mtoto vinawahusu. Na walimu wa Kasongo na Kabambare wawatume wanafunzi, daftari mkononi, kuandika majina ya baraza za kila mtaa: nani aliianzisha, nani aliketi, kesi gani ilimalizwa hapo. Mawe ya Tongoni yamepata wataalamu wa kuyasoma. Maneno ya baraza hayana mwingine wa kuyaandika ila sisi, na wazee wanaoyajua wanapungua kila msimu wa mvua.